Lishe ya Ubongo na Kumbukumbu: Kuanzia Mimba Hadi Uzee

Mtoto anayesoma herufi ubaoni na kuzisahau kabla ya kengele ya mapumziko, na bibi anayeuliza mara tatu asubuhi moja kama mbuzi wamekwisha kufunguliwa, huonekana kuwa na matatizo mawili yasiyohusiana. Wa kwanza huitwa mzito wa kuelewa. Wa pili huambiwa ni uzee tu, na pengine majirani humnong'ona kwa mambo mabaya zaidi. Hata hivyo, sababu za hali hizo ni nyingi, na mojawapo huweza kuwa ile ile kwa wote wawili: ubongo uliokosa virutubishi. Somo hili linaeleza ubongo unahitaji nini katika kila umri, na jinsi kaya inavyoweza kuupatia mahitaji hayo kwa vyakula vinavyopatikana shambani na gengeni.

Ubongo unavyolishwa

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili wote, lakini mwili unapopumzika hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Haujiwekei akiba kubwa; hutegemea kile ambacho damu inaufikishia kila dakika. Kwa hiyo, kuulisha ubongo kuna pande mbili. Upande wa kwanza ni kuupatia virutubishi vya kuujenga na kuuendesha. Upande wa pili ni kuitunza mishipa ya damu inayovipeleka. Utotoni upande wa kwanza ndio wenye uzito. Ukubwani wa pili huzidi kuwa muhimu.

Siku za mwanzo zisizorudi

Mfumo wa fahamu wa mtoto huanza kuumbika mapema mno. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi bado hawajatambua kwamba ni wajawazito. Mama anapokuwa na upungufu wa asidi ya foliki, hatari ya mrija huo kutofunga huongezeka, na mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana wataalamu hushauri mwanamke anayetarajia kushika mimba aanze kutumia asidi ya foliki mapema, mikrogramu 400 kwa siku, bila kusubiri tumbo lionekane. Vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki havipaswi kubaki kabatini. Kirutubishi hicho kimo pia katika maharage, kunde, maini na mboga za majani. Kwa kuwa huyeyuka katika maji na hupungua kwa moto mwingi, mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi sufuria ikiwa imefunikwa, na maji yake yasimwagwe.

Kirutubishi cha pili ni madini joto. Mwili huyatumia kutengeneza homoni za tezi la shingo, na homoni hizo ndizo zinazoongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto akiwa tumboni na baada ya kuzaliwa. Shirika la Afya Duniani limeutaja upungufu wa madini joto kuwa miongoni mwa sababu kuu za madhara ya ubongo yanayoweza kuzuilika. Udongo wa maeneo mengi ya milimani, ambako mvua imekuwa ikiyaosha madini hayo kwa karne nyingi, huwa na kiasi kidogo. Mahindi na maharage yanayolimwa huko huwa na kiasi kidogo vilevile, hata yakistawi vizuri.

Chumvi: ndogo, lakini iliyo sahihi

Njia rahisi ya kuyapata madini joto ni chumvi iliyoongezewa madini hayo, na kila kaya inaweza kuhakikisha ndiyo inayonunuliwa kwa kusoma maandishi ya pakiti. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo bila lebo haitoi uhakika huo.

Kununua chumvi sahihi hakutoshi, kwa maana madini joto hupotea kwa jua, joto na unyevu. Chumvi iliyoachwa wazi kando ya jiko inaweza kubaki na ladha yake huku faida yake ikipungua. Ihifadhiwe katika chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na moto na dirisha, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Haya yasieleweke kuwa ni ruhusa ya kula chumvi nyingi. Mtu mzima hushauriwa kutozidisha gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikiwamo iliyomo katika vyakula vya dukani. Chumvi hiyo ndogo, ikiwa na madini joto na ikihifadhiwa vyema, hutosha kwa watu wengi. Mjamzito ana mahitaji makubwa zaidi, hivyo apate ushauri kliniki badala ya kuongeza chumvi.

Mtoto wa shule na madini chuma

Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, husinzia na hushindwa kutuliza mawazo yake. Madini chuma huiwezesha damu kubeba oksijeni hadi kwenye ubongo, na ubongo wenyewe huyahitaji ili ukue. Hupatikana kwa wingi katika maini, nyama na dagaa. Yamo pia katika kunde, maharage na mboga za kijani, ingawa mwili huyafyonza haya ya mimea kwa shida kidogo.

Hapa mpangilio wa mlo huleta tofauti bila kuongeza gharama. Chungwa, embe, ndimu iliyokamuliwa kwenye mboga au juisi ya ubuyu huusaidia mwili kuyafyonza madini chuma ya mimea. Chai ikinywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Basi mtoto apewe maharage na mboga pamoja na tunda, na chai isubiri walau saa moja baadaye. Ikumbukwe pia kwamba malaria na minyoo huleta upungufu wa damu. Mtoto aliyepauka viganja na midomo apelekwe zahanati akapimwe, asisubiri lishe peke yake imponye.

Mtu mzima: kuilinda mishipa

Mwaka 2024, jopo la wataalamu lililoandaliwa na jarida la tiba la The Lancet lilieleza kwamba takriban asilimia 45 ya wagonjwa wa maradhi ya kusahau, yaitwayo demensia, duniani yanahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Miongoni mwake ni shinikizo la juu la damu, kisukari, unene uliopindukia, lehemu nyingi, uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe kupita kiasi na kutoshughulisha mwili. Mengi ya hayo huharibu mishipa, na huanza kufanya hivyo mtu angali na nguvu zake, katika umri wa miaka 40 au 50.

Kwa hiyo sahani ya mtu wa makamo ndiyo kinga ya kumbukumbu ya uzeeni. Ugali au wali upungue, mboga za majani na jamii ya kunde ziongezeke; samaki na dagaa vipate nafasi mara kwa mara; karanga zilizokauka vizuri na zisizo na ukungu zichukue nafasi ya maandazi; soda ziachiwe maji. Mboga na matunda kwa siku yafikie walau gramu 400.

Wengine huuliza kama kipo chakula kinachoongeza akili. Jibu la kweli ni kwamba hakipo chakula kimoja cha namna hiyo. Nchini Marekani, majaribio ya mlo ulioandaliwa mahsusi kwa ajili ya ubongo yaliwahusisha wazee 604 kwa miaka 3. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 hayakuonyesha tofauti kubwa ya kumbukumbu kati ya waliofuata mlo huo na wenzao waliopunguza tu kiasi cha chakula. Lishe hulinda kwa mazoea ya miaka mingi. Unga au kidonge kinachouzwa mnadani kwa ahadi ya kurudisha kumbukumbu kwa wiki moja kisinunuliwe.

Wazee: kusahau si uzee tu

Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, uliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na ukakadiria kwamba wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Hivyo yapo maradhi ya kusahau vijijini, lakini wazee walio wengi hawana. Mzee akianza kusahau kupita kawaida, ni ugonjwa wa kuchunguzwa. Si hali ya kupuuzwa, wala si sababu ya kumtuhumu kwa ushirikina.

Tena, kipo kisahaulishi kinachotibika. Upungufu wa vitamini B12 huleta usahaulifu, uchovu, ganzi ya miguu na kuyumba. Kiasili vitamini hiyo hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama, na mwili wa mzee huifyonza kwa shida. Mzee asiye na meno, anayeachiwa uji mweupe na chai huku nyama ikiliwa na vijana, yumo hatarini. Dagaa waliotwangwa na kutiwa katika uji au mchuzi, yai, maziwa na mtindi huweza kumsaidia. Wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformin kwa miaka mingi nao hupungukiwa na vitamini hiyo; wasiache dawa, bali wamweleze mganga dalili zao. Upungufu ukigunduliwa mapema hutibiwa. Ukichelewa, madhara ya neva huweza kubaki.

Maswali ya kujipima katika kaya

1. Je, chumvi ya nyumbani ina madini joto, na imefunikwa?
2. Je, mjamzito anameza vidonge alivyopewa kliniki kila siku?
3. Je, chai hunywewa pamoja na mlo au baada ya muda?
4. Ni lini mara ya mwisho watu wazima walipima shinikizo la damu na sukari?
5. Mzee wa nyumbani alikula nini jana, na nani alimwangalia akila?

Mkazi mwenye jibu linalomtia shaka amwone mhudumu wa afya wa kitongoji au mtaa wake, afike zahanati iliyo karibu, au ahudhurie Siku ya Afya na Lishe katika eneo lake. Mtoto na bibi waliotajwa mwanzoni wanahitaji kupimwa kwanza, kisha kulishwa ipasavyo, kabla ya yeyote kuwahukumu.