Omba Mapema, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, tangazo la kazi uliliona siku lilipotoka. Sifa unazo. Lakini barua ya maombi umeianza usiku wa mwisho, na saa tano ndiyo unahangaika kupakia vyeti kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, mtandao unazunguka tu. Asubuhi unawaambia watu, "Mfumo ulizidiwa." Wanakuonea huruma, yanaisha.

Mimi sikuiti mvivu. Mvivu hakeshi akiwaza. Wewe unaogopa kupimwa ukiwa umejitahidi kweli, maana ukikosa hapo utajiona huna uwezo. Ukichelewa, lawama inabaki kwa mtandao.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Steven Berglas na Edward Jones, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maswali, mengine yasiyo na jibu, kisha wakawaambia wote wamefanya vizuri. Kabla ya jaribio la pili wakawapa nafasi ya kuchagua dawa: moja waliambiwa inanoa akili, nyingine inaizubaisha. Wanaume wengi waliosifiwa bila kujua walipatiaje wakachagua ya kuzubaisha. Sifa usiyoiamini inatisha. Unaona safari ijayo utaumbuka. Ndiyo maana bosi akikupongeza unajibu, "Bahati tu," na kazi kubwa ikija unamsukumia mwenzako.

Basi fanya hivi. Nakala za vyeti zipeleke kwa wakili azigonge mhuri sasa, usingoje tangazo. Likitoka, andika barua siku hiyo hiyo, hata ikiwa mbovu. Kesho yake mpe mtu wa fani yako aikosoe, kisha itume siku tatu kabla ya mwisho.

Kazini, weka daftari. Kila Ijumaa andika ulichokamilisha na namna ulivyokifanya: "Nimelinganisha hesabu zetu na taarifa ya benki, tofauti ya laki mbili ilitokana na risiti iliyoingizwa mara mbili." Hapo hakuna bahati, kuna jicho lako. Soma kurasa hizo kabla ya usaili, na ukipongezwa jibu, "Asante, niliifanyia kazi."

Kukosa nafasi uliyoipigania kunauma, sikudanganyi. Lakini utajua ulikwama wapi, kwenye mtihani wa mchujo au kwenye mahojiano, na utajua pa kuongeza nguvu. Anayejificha nyuma ya mtandao hajifunzi lolote, na mwakani atakuwa pale pale. Wewe unastahili kujulikana kwa uwezo wako wote. Omba, na uombe mapema.