Mada ya Saba: Kuujua Mkusanyo Kabla ya Kutafuta

Mtahiniwa, mada hii wengi huipita haraka kwa kudhani kwamba kutafuta nyaraka ni kuandika neno kwenye kompyuta na kubonyeza. Ukimaliza kuisoma, uweze kueleza maana ya kiolesura, uonyeshe namna kinavyoweza kumsaidia au kumpoteza msomaji, na utoe mfano wa kweli.

Tuanze na istilahi. Mkusanyo wa nyaraka ni maandishi mengi yaliyowekwa pamoja: vitabu vya maktaba, magazeti ya miaka iliyopita, hata karatasi za mitihani kwenye kabati la shule. Kiolesura ni ile sehemu ya mfumo ambayo mtumiaji hukutana nayo, yaani anachokiona na kukigusa ili afikie kilichomo ndani. Usifikirie kompyuta peke yake. Droo za kadi za maktaba ni kiolesura, na namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu ni sehemu yake.

Sasa shika hoja kuu: kisanduku cha kutafutia hukuuliza unataka nini, lakini hakikuambii kuna nini. Chukua mfano wako mwenyewe. Zimebaki wiki tatu mtihani uanze. Unakaa kwenye kompyuta ya maktaba, unaandika "mnyambuliko wa vitenzi", mfumo unajibu kwamba hakuna kitu. Unainuka, unaondoka. Kumbe ipo sura nzima, ila mwandishi ameiita "unyambulishaji". Au umeandika "piga" ilhali maandishi yana "walipigiana", na mfumo unalinganisha herufi tu bila kujua kwamba mzizi ni mmoja. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo hasara hii hutupata sisi kuliko inavyompata msomaji wa Kiingereza. Tena inawezekana hukukosea neno, bali umeingia kwenye mkusanyo wa masomo ya sayansi ambao sarufi haimo kabisa.

Kwa hiyo jibu la "hakuna" lina maana tatu: waraka haupo, waraka upo kwa jina jingine, au uko kwenye mkusanyo usio sahihi. Kiolesura kibaya hukupa jibu moja kwa mambo yote matatu, nawe hujui ni lipi.

Mfano mzuri wa kujibia swali la aina hii ni mfumo ulioitwa Scatter/Gather, ambao jina lake lina maana ya kutawanya na kukusanya. Watafiti wanne, akiwamo mwanatakwimu John Tukey, waliueleza mwaka 1992. Kazi hiyo inahusishwa na kituo cha utafiti kilichokuwa cha Xerox huko Palo Alto, Marekani. Walichukua takriban habari 5,000 za shirika la habari la gazeti la New York Times za mwezi Agosti 1990. Mtumiaji haulizwi neno lolote mwanzoni. Mfumo unaigawa shehena yote katika makundi machache kwa kulinganisha maneno yaliyomo, kisha kwa kila kundi unaonyesha maneno yanayojirudia na vichwa vya baadhi ya habari. Yakatokea makundi kama elimu, michezo, sanaa, sheria, mafuta, Iraki na Ujerumani.

Kumbuka historia hapa. Agosti 2, 1990 Iraki iliivamia Kuwait, na Ujerumani mbili zilikuwa zinaelekea kuungana. Habari hizo zilifunika nyingine zote. Katika mfano wao, mtumiaji anachagua makundi yenye habari za kimataifa, mfumo unayakusanya pamoja na kuyatawanya upya. Sasa yanaonekana makundi madogo yaliyokuwa yamefichwa, likiwamo la Afrika. Akiendelea hivyo anafikia Afrika Magharibi na Afrika Kusini, hata Trinidad. Angeanza na kisanduku cha kutafutia angeandika "Kuwait", na mengine yasingemjia akilini. Huwezi kuandika neno la jambo usilojua kwamba limetokea.

Ukitaka kueleza hili kwa ufupi, tumia kitabu. Faharasa ya mwisho humfaa anayejua neno analolitaka. Yaliyomo ya mwanzo humfaa anayetaka kujua kitabu kinahusu nini. Mkusanyo mkubwa unahitaji vyote viwili, na mifumo mingi hutoa cha kwanza tu. Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliweka utaratibu unaofanana na huo mwaka 1996: muhtasari wa vyote kwanza, kisha kukaribia na kuchuja, kisha maelezo kamili pale yanapohitajika.

Lakini usisifu makundi kupita kiasi, maana kila mgawanyo una macho ya aliyeugawa. Nenda kwenye rafu za maktaba inayotumia mpango wa Melvil Dewey, uliochapishwa mwaka 1876. Lugha zimepewa 400. Kiingereza kina nafasi yake kuanzia 420 hadi 429, na Kijerumani pamoja na lugha za jamii yake zina 430 hadi 439. Kiswahili kiko 496.392, kimebanwa na lugha nyingine nyingi za Afrika ndani ya 496. Fasihi yake iko 896.392. Namba hizo zinakufikisha kwenye kitabu bila shida, hilo halina ubishi. Ila anayejifunza dunia kwa kuangalia rafu atadhani lugha zetu ni kipande kidogo cha "nyinginezo".

Swali la kujipima
Maktaba ya shule yenu imepata kompyuta moja yenye mitihani iliyopita, magazeti ya zamani na tahakiki za riwaya, vyote vikiwa nyuma ya kisanduku kimoja cha kutafutia. Eleza mabadiliko matatu utakayopendekeza ili mwanafunzi ajue kilichomo kabla hajaandika neno. (Alama 15)

Dokezo: Usiandike "kiwe rahisi kutumia" ukaishia hapo. Taja kitu kitakachoonekana kwenye kioo, kwa mfano idadi ya nyaraka katika kila kundi, miaka zinakoanzia na kuishia, au maneno yenye maana sawa yanayopendekezwa baada ya jibu la "hakuna". Kisha eleza mwanafunzi atafanya uamuzi gani kwa kukiona.