Kaptura ya Pangani, Koti la Chome: Mwongozo wa Hali ya Hewa kwa Msafiri wa Upare Kusini

Ukiondoka Pangani alfajiri unaweza kulala Chome usiku huohuo, na siku hiyo moja itakupitisha katika hewa tatu: fukuto la pwani, joto kavu la nyika ya Same, na baridi ya ukungu chini ya kilele cha Shengena. Wageni wengi hujiandaa kwa moja tu. Hutazama utabiri wa Same kwenye simu, husoma jua kali na nyuzi joto 32, hujaza begi fulana na kandambili, na jioni utawakuta wamejikunyata jikoni kwa wenyeji wakiulizia blanketi.

Upare Kusini mtu haendi kwa kuuliza mwezi peke yake. Uliza pia utakuwa kimo gani na upande gani wa mlima. Ukiyajua hayo, hutashangazwa sana na hewa ya huku.

Kwa nini hewa hubadilika haraka hivi

Mvua ya Upare hutoka Bahari ya Hindi. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo wa joto. Kuanzia kama Aprili hadi Septemba huvuma kusi, wenye nguvu na ubaridi zaidi. Kutoka Tanga hadi Same, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 190, na katika safari hiyo upepo hukutana na kuta: kwanza milima ya Usambara, kisha ya Upare. Ukigonga mlima hupanda, ukipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka wingu na mvua. Ndiyo maana miteremko ya mashariki na kusini ni ya kijani. Ukishavuka, upepo hushuka upande wa magharibi ukiwa umemaliza maji yake, na hupata joto kadiri unavyoshuka. Huko ndiko iliko Same, na ndiko barabara kuu inakopita.

Kimo nacho kina sehemu yake. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mji wa Same uko kama mita 860 juu ya usawa wa bahari. Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, kina mita 2,462. Tofauti hiyo ya mita 1,600 ni kama nyuzi 10, na upepo na unyevu huzifanya zihisiwe kuwa nyingi zaidi.

Pwani: Tanga na Pangani

Wengi huunganisha Chome na siku chache za bahari, nao hufanya vizuri. Januari na Februari pwani ni moto: mchana nyuzi 31 au 32, na usiku joto halishuki sana kwa sababu bahari yenyewe ni ya vuguvugu. Kinachochosha zaidi ni unyevu. Jasho halikauki, nguo hazikauki, na chumba kisicho na feni hakilaliki. Chagua chumba kinachopokea upepo wa baharini, na ulale ndani ya chandarua.

Bahari ya kaskazi huwafaa waogeleaji kuliko ya kusi, maana Juni na Julai upepo huleta mawimbi makubwa. Zaidi ya upepo, angalia maji. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Tanga na Pangani hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Kisiwa cha Maziwe, fungu la mchanga mbele ya Pangani, huibuka maji yakitoka na kumezwa yakijaa. Saa za kwenda huko hupangwa na maji, kwa hiyo mwulize nahodha kabla hujapanga chakula cha mchana.

Nyika: Same na Mkomazi

Kwa barabara, Tanga hadi Same ni takriban kilomita 250 kupitia Segera, Korogwe na Mombo. Baada ya Mombo utaona mandhari ikibadilika: mibuyu, migunga, mashamba ya mkonge, na milima ikienda nawe mkono wa kulia. Hili si jangwa kama Chalbi ya kaskazini mwa Kenya. Ni nyika kame. Mji wa Same hupata wastani wa kama milimita 550 za mvua kwa mwaka, na hizo nazo huja kwa misimu miwili isiyoaminika. Mradi mkubwa wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya miaka mingi ya kusubiriwa. Kwa hiyo ukikaa hapa usiache bomba likitiririka huku unapiga mswaki.

Joto la Same humdanganya anayetoka pwani. Kipimo kinaweza kuwa kilekile cha nyuzi 32, lakini jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho. Unatoka, tena sana. Kunywa maji kabla ya kiu: lita 3 kwa siku ni kiasi cha kuanzia, na ukitembea kwa miguu ongeza. Midomo hupasuka, macho huwasha kwa vumbi, na mchana chamchela huzunguka na vumbi uwandani. Mtu wa lenzi za macho avae miwani.

Saa za kukimbia jua ni kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Ukienda Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, inayopakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, fika lango la Zange, karibu na mji wa Same, mapema kabisa. Wanyama hujificha vivulini jua likipanda, na hewa ya mbali huanza kutetemeka kiasi cha kuharibu picha. Mkomazi inajulikana kwa faru weusi na mbwa mwitu waliorejeshwa huko, lakini asubuhi njema ya kaskazi inaweza pia kukuonyesha Kilimanjaro kabla mawingu hayajaifunika.

Usiku nyika hupoa haraka kuliko pwani, kwa sababu anga kavu isiyo na mawingu haizuii joto la ardhi kuondoka. Kati ya Juni na Agosti shuka moja haitoshi hata Same mjini.

Mlimani: Chome na Shengena

Chome iko upande wa magharibi wa msitu wa Shengena, juu kabisa ya nyika uliyoiacha. Kwa hesabu ya upande ingepaswa kuwa kavu. Kinachoiokoa ni kimo, pamoja na mawingu yanayofurika kutoka upande wa pili wa mgongo wa mlima. Huko juu kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, yenye zaidi ya hekta 14,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na kuna ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho anayepatikana Upare Kusini tu.

Msitu huu hunywa wingu. Ukungu unapopita kati ya mikulo na miti mingine mirefu, matone hushika majani, kuvumwani na ndevu za miti, kisha hudondoka chini. Unaweza kulowa hadi mwilini siku ambayo mvua haikunyesha. Vijito vinavyoshuka kutoka hapa ndivyo vinavyojaza ndiva, mabwawa madogo ambayo Wapare wamekuwa wakiyachimba tangu zamani: maji ya usiku hukusanywa humo, na mchana hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Ukiikuta ndiva njiani, piga picha ukitaka, lakini usioge wala kufua humo. Hiyo ni zamu ya mtu.

“Dalili ya mvua ni mawingu” ni methali ya watu wa uwandani. Chome wingu hupita mlangoni na kuingia ndani bila kuleta tone. Dalili za kutazama ni nyingine. Wingu jeupe linalotambaa mgongoni mwa mlima asubuhi mara nyingi huyeyuka jua likipanda. Wingu linalovimba kwenda juu na kuwa jeusi tumboni kabla ya saa sita ndilo la kuogopa: geuka urudi. Msimu wa kaskazi, asubuhi ndiyo saa ya kuona mbali. Kufikia adhuhuri kilele kwa kawaida kimefunikwa. Msimu wa kusi ukungu na manyunyu vinaweza kukaa siku nzima huku Same chini ikiwaka jua. Usiku wa Julai joto la kijijini hukaribia nyuzi 10, na kileleni hushuka zaidi.

Kwa Shengena, tenga siku nzima na uanze kupanda jua linapochomoza. Pitia kwanza ofisi ya TFS kwa kibali na malipo, na umchukue mwongozaji wa kijijini. Ukungu ukishuka njia hupotea ndani ya dakika chache, na simu haipati mtandao kila mahali. Yeye atajua pa kukanyaga.

Mwaka wa msafiri

*Januari na Februari.* Joto kali pwani na nyikani, asubuhi safi mlimani. Ni wakati mzuri wa kuunganisha bahari, Mkomazi na Chome katika safari moja. Beba kinga ya jua. Ubaridi wa Chome hauzuii kuungua, na mwinuko huongeza ukali wa jua.

*Machi hadi Mei.* Masika. Nyika hugeuka kijani na vumbi hutulia, lakini barabara za mlimani hujaa tope na utelezi. Aprili nenda ikiwa una muda wa ziada wa kusubiri.

*Juni hadi Agosti.* Kipupwe. Same ni pazuri kutembea mchana; Chome ni baridi, ukungu na moto wa jikoni. Anayetaka kuona mandhari kutoka kileleni huenda akakosa bahati. Anayependa msitu wenye wingu atafurahi.

*Septemba na Oktoba.* Ukame hufikia kilele. Wanyama wa Mkomazi hukusanyika penye maji, na njia za mlimani huwa kavu. Usiwashe moto popote msituni wala kutupa kichungi cha sigara. Majani makavu hayasamehe.

*Novemba na Desemba.* Vuli. Mvua hizi ni fupi lakini huweza kuja kwa kishindo juu ya ardhi iliyokauka. Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 20 katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilaya hii hii ya Same. Mvua ikinyesha usiku kucha, usisafiri asubuhi yake kwenye njia za miteremko, na usipige kambi chini ya genge.

Barabara na mto usioonekana

Kupanda Chome ni kwa barabara ya udongo, nyembamba, yenye kona na makorongo pembeni. Kuna zaidi ya njia moja kutoka uwandani, na iliyo bora leo huenda isiwe bora wiki ijayo. Waulize madereva wa stendi ya Same, wao hupita kila siku. Wakati wa mvua tafuta gari la magurudumu yote manne. Bodaboda ifanye iwe ya siku kavu na mzigo mdogo. Magari ya abiria ya milimani ni machache, kwa hiyo fika stendi mapema na usipange kupanda usiku.

Nyikani hatari ni korongo kavu. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku juu yako pakiwa na jua, na maji yakashuka ghafla kwenye mto uliokuwa mchanga mtupu. Ukikuta maji yanakata barabara, simama. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache, na hao wanaosubiri na wewe watakuwa na karanga.

Mzigo wa hewa tatu

Vaa kwa tabaka: fulana nyepesi, shati la mikono mirefu, sweta la sufu, na koti la mvua juu yake. Viatu viwe vyenye meno, vilivyokwisha kuvaliwa. Ongeza kofia pana, miwani ya jua, soksi za ziada, tochi, mifuko isiyopitisha maji ya kukinga simu na nguo za kulalia, na dawa ya mbu kwa ajili ya pwani na uwandani. Kanga au kitenge kimoja kitafanya kazi ya taulo, shuka na kinga ya vumbi. Nguo za staha huwapendeza wazee wa Chome, na shikamoo ikitangulia maswali, majibu huwa marefu.

Kuhusu utabiri, soma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), hasa zile za msimu na tahadhari za mvua kubwa. Kumbuka tu kwamba utabiri wa Same ni wa uwandani: punguza nyuzi kadhaa, ongeza ukungu, kisha mpigie mwenyeji wako wa Chome umuulize kama jana usiku alivaa koti. Akisema alivaa, beba mawili. Naye akikualika makande ya moto jioni, usijifanye umeshiba.