Teke la Punda Si Ukosefu wa Shukrani

Ni nani kati yetu hajaandika katika insha yake kwamba shukrani ya punda ni mateke? Mimi nimeandika, tena nikapigiwa alama ya vema. Wahenga wanisamehe, lakini leo nasimama kumtetea mshtakiwa. Sababu ninayo.

Likizo ya Agosti mwaka jana, ndugu yangu mdogo alikuwa ametoka kuteka maji na punda wetu. Punda mwenyewe ni mpole ajabu, watoto wa nasari humpanda. Alikuwa ameshafunguliwa mkokoteni, ameinamia majani yake. Kijana akaja mbio kutoka nyuma, akamchapa kofi la mzaha. Pu! Teke likampata tumboni. Akainuka, akajipangusa vumbi, sote tukacheka. Hakukuwa na damu hata tone.

Kesho yake akakataa chakula. Akasema bega la kushoto linamuuma. Bega, jamani, na teke lilikuwa la tumbo! Tukadhani ni hila za kukwepa kwenda mtoni. Jioni alipokuwa mweupe midomo ndipo alipokimbizwa hospitali. Kumbe alikuwa amepasuka bandama na damu ilikuwa ikivujia ndani. Maumivu ya bega, daktari alitueleza, ni dalili inayojulikana ya jeraha hilo. Alipasuliwa akapona, lakini mama hajasahau jinsi tulivyocheka.

Basi kwa nini punda mpole afanye hivyo? Jibu liko machoni. Punda, kama farasi, ana macho ya kandoni mwa kichwa. Bila kugeuka huona karibu pande zote, kiasi cha nyuzi 350 kati ya 360. Asipopaona ni mbele kabisa ya pua na nyuma kabisa ya mkia. Mababu zake ni punda-mwitu wa nchi kavu za Pembe ya Afrika, na huko anayekuja kwa nyuma kimyakimya si mgeni wa chai. Kikimgusa kitu asichokiona, hangoji kuuliza "Hodi ni nani?" Mguu hutangulia.

Wengi hudhani ukikaa hatua moja nyuma yake uko salama. La hasha! Hapo ndipo pabaya kuliko pote, kwa maana teke hupata nguvu zake mguu unaponyooka. Ukitaka kupita nyuma, pita mbali, mita 3 au zaidi. Wenye punda waliozoea hupita wakimgusa kabisa, mkono juu ya kiuno chake huku wakimsemesha, ili ajue walipo na mguu ukose nafasi ya kujikunjua. Mimi na wewe tuzunguke mbali tu. Ukimwendea, mwendee kutoka ubavuni karibu na bega, polepole, ukiongea. Na kamba usiizungushe mkononi, maana akishtuka atakuburuta.

Mara nyingi hutoa onyo. Hulaza masikio nyuma, hubana mkia, hukugeuzia makalio au huinua mguu na kuukanyagisha chini. Tatizo ni kwamba punda hatangazi hofu yake kama farasi. Farasi akiogopa hutimua mbio. Punda husimama kama mti. Sisi husema ni mkaidi, tukamwongezea fimbo kutoka kulekule nyuma, pengine juu ya kidonda cha mikanda. Halafu ati hana shukrani!

Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba, mita 3 utazipata wapi? Jibanze ukutani au mlangoni, mwache apite, usimfuate kisigino kwa kisigino. Farasi, wale wa ufuoni Mombasa au wa uwanja wa mashindano wa Ngong, sheria zao ni zilezile, ila uzito wao ni kama kilo 400 hadi 600, na wengine huvishwa viatu vya chuma.

Aliyepigwa tumboni, kifuani au kichwani apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata akicheka. Akitapika, akisinzia ovyo au akipauka, msingoje hata saa moja. Kama kuna kidonda, kioshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha muuguzi aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda. Jina hilo limekaa vizuri, kwa kuwa vijidudu vya ugonjwa huo huishi udongoni na katika mavi ya wanyama, ya punda na farasi yakiwemo.

Ndugu yangu amerudia kazi yake ya maji. Siku hizi, kabla ya kumkaribia punda, husimama kando na kuita kwa sauti, "Hodi!" Majirani humcheka. Punda hugeuza sikio moja, akaendelea na majani yake.