Harimu ya Mto

Yajulikana katika fiqhi ya kwamba kisima kina harimu yake, na mto kadhalika, nayo ni ardhi ya kando ambayo mtu haihuishi akaifanya milki yake, kwa kuwa manufaa ya maji hayatimii illa kwayo. Na sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu, au zenye kuweza kudhuru ukingo, ndani ya mita 60 za mto.

Lakini mkulima wa Uluguru mwenye kishamba chembamba ataambiwaje aache mita 60, naye ana watoto? Swali hili si la kudharauliwa. Ila ukingo uliolimwa hata majini haumlishi siku nyingi: masika huchukua udongo wa juu, na mto huila ardhi isiyo na mizizi. Tope hilo lateremka hata mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam wanywa maji yake.

Basi hupandwa mikuyu karibu na maji, mvua zianzapo. Nyuma yake miti ya matunda. Na upande wa shamba majani marefu ya kukata kwa ng'ombe, yazuiayo udongo usipite. Mkaratusi usipandwe hapo, maana hunywa maji mno.

Wengi hupanda kwa shangwe, kisha miche huwa chakula cha mbuzi. Yapasa kupalilia miaka ya kwanza, na kurudishia iliyokufa. Mifugo ifanyiwe njia moja ya kushukia majini, na kwingine kote kuzungushwe miiba.