Kwa Pikipiki Hadi Getini: Kuzuru Hifadhi za Taifa kutoka Mikumi hadi Katavi

Kijitabu hiki ni cha Mtanzania mwenye pikipiki yake ya cc 125 au 150, leseni hai, likizo mkononi na hamu ya kuiona nchi yake. Hifadhi za Taifa zipo zaidi ya 20, na kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko kile anachotozwa mgeni. Hata hivyo wengi wetu tumewaona tembo kwenye televisheni tu, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba utalii ni wa mwenye gari kubwa. Hilo si kweli. Pikipiki ileile inayokupeleka kazini inaweza kukufikisha Mikumi, Udzungwa, Ruaha, Kitulo na hata Katavi, mradi uitunze na uzifuate kanuni chache ambazo hazina mjadala.

Njia tuliyoichagua inaanzia Dar es Salaam na kushika barabara kuu ya Morogoro, Iringa na Mbeya. Tumeichagua kwa sababu moja kubwa: sehemu yake ndefu inaufuata Mto Ruaha Mkuu. Anayetua kwa ndege ndani ya hifadhi huona kipande kimoja cha mto huo. Wewe utauona Kidatu ukizalisha umeme, utauona Ruaha Mbuyuni ukimwagilia vitunguu, utauona ndani ya hifadhi ukiwanywesha tembo, na hatimaye utapanda Kitulo, milima inakotoka sehemu ya maji yake.

Pikipiki mwisho getini

Hili liingie akilini kabla hujajaza mafuta. Pikipiki haziruhusiwi kuzungukia wanyama ndani ya hifadhi zenye simba, tembo na nyati. Aliye ndani ya gari ana bati na kioo kati yake na mnyama. Aliye juu ya pikipiki hana kitu, na mlio wa injini ndogo unaokuja ghafla kichakani humshtua mnyama kuliko gari linalokwenda taratibu. Kwa hiyo panga safari yako hivi: pikipiki inakufikisha getini au kwenye kijiji kilicho jirani, kisha unakodi gari pamoja na wenzako na kuchangia gharama, au unatembea kwa miguu na mwongozaji pale panaporuhusiwa.

Malipo ya kiingilio hayapokelewi kwa fedha taslimu. Utapewa namba ya malipo, ulipe kwa simu, benki au kadi. Mtandao wa simu karibu na mageti mengine ni wa kubahatisha, hivyo weka salio mapema na ulizia utaratibu ukiwa bado mjini. Beba kitambulisho cha taifa, maana ndicho kinachokuhesabu raia kwenye bei. Ikiwa pikipiki yako ni ya biashara, ulizia LATRA kama leseni yake ya usafirishaji inakuruhusu kutoka nje ya eneo ulilopangiwa, kabla askari wa barabarani hajakuuliza wewe.

Mikumi: barabara iliyopita katikati ya wanyama

Ukishapita kijiji cha Doma, barabara kuu inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na kwa kilometa 50 hivi unakuwa ndani ya hifadhi bila kupita geti lolote. Hapa pikipiki inaruhusiwa kwa sababu ni barabara ya umma. Hapa pia ndipo tunapoomba usome kwa makini kuliko penginepo.

Mwendo wa mwisho ni kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Vibao vipo, matuta yapo, lakini pikipiki hupita pembeni mwa tuta na dereva hujiona kashinda. Fanya hesabu. Ukiwa kwenye mwendo wa 80, unakwenda mita 22 kila sekunde. Tangu jicho lione swala hadi mkono ukamate breki hupita kama sekunde moja na nusu, yaani mita 33 zimekwisha na breki bado haijafanya kazi. Kwenye mwendo wa 50 umbali huo ni mita 21. Swala haruki akiwa mita 33 mbele yako. Huruka akiwa hatua chache tu, na akivuka mmoja, nyuma yake wapo wengine. Ukimwona wa kwanza amevuka, punguza mwendo na utazame upande alikotoka. Usimsindikize kwa macho anakokwenda.

Kuhusu usiku, ushauri wetu ni mmoja: usipite Mikumi usiku kwa pikipiki. Nyati ni mweusi, lami ni nyeusi, na taa ya pikipiki ndogo haimulikii mbali. Jua likikuchwa ukiwa Morogoro, lala Morogoro.

Tembo akiwa barabarani, simama mbali, mita 100 au zaidi, ukiwa nyuma ya lori au basi kama lipo. Usipige honi, usizime injini, na usijaribu kupenya nyuma yake, hasa kama ana mtoto. Akitanua masikio na kukugeukia, geuza pikipiki urudi ulikotoka bila kusubiri kuona anafanya nini. Nyani wanaokaa kandokando ya barabara wamezoeshwa na abiria wanaowarushia ndizi na biskuti dirishani. Usiwape chochote. Nyani aliyezoea kulishwa huifuata lami, na huko hugongwa, naye asipogongwa huanza kunyang'anya. Usisimame kupiga picha. Twiga utamwona vizuri kabisa ukiwa unatembea kwa mwendo wa 40.

Ukimgonga mnyama, toa taarifa polisi au kwa askari wa hifadhi. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Nyama usiiguse, hata kama mnyama amekufa mbele ya macho yako. Kukutwa na nyama ya porini bila kibali ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na maelezo ya "nilimgonga kwa bahati mbaya" hayatakutoa rumande haraka.

Udzungwa: hapa unatembea

Kutoka Mikumi mjini, kata kushoto kuelekea Kidatu, kwenye bwawa la umeme la Ruaha Mkuu, kisha pitia mashamba ya miwa hadi Mang'ula. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni ya kutembea kwa miguu, jambo linalomfanya mwenye pikipiki awe sawa kabisa na mwenye gari. Unaegesha getini, unamwachia askari maelezo yako, unapanda na mwongozaji. Maporomoko ya Sanje huanguka kiasi cha mita 170, na njiani una nafasi nzuri ya kumwona mbega mwekundu wa Iringa, asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii na bonde lake. Msitu huu ndio uliomficha ng'olaga, nyani mdogo wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ilhali wanakijiji walikuwa na jina lake siku zote. Ikiwa una siku chache na fedha kidogo, sisi tungekushauri uje hapa kwanza.

Kitonga, Iringa na Ruaha

Rudi Mikumi mjini, endelea hadi Ruaha Mbuyuni. Bonde lina joto na mibuyu mikubwa. Kunywa maji, pumzisha injini, kwa sababu mbele ni Mlima Kitonga. Malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na yale yanayoshuka hunuka breki zilizoungua. Usilipite lori kwenye kona kwa kuamini kwamba pikipiki ni nyembamba. Lori linaloshuka likiishiwa breki halina pa kwenda ila upande wako. Juu ya mlima hali ya hewa inageuka. Iringa ina baridi, na aliyetoka bondeni na fulana moja hufika mjini vidole vimekakamaa hata breki haviwezi kuikamata vizuri. Vaa koti kabla ya kupanda.

Hifadhi ya Ruaha iko kilometa 130 hivi magharibi ya Iringa. Njia inapitia vijiji hadi Tungamalenga, ambako kuna nyumba za kulala wageni na magari ya kukodi ya kuingilia hifadhini. Acha pikipiki hapo. Kwenye vipande vya barabara ya vumbi kuna makorogesheni, mchanga na changarawe. Kwenye mchanga usikamate breki ya mbele ghafla, na usikaze mikono. Iache pikipiki icheze kidogo chini yako huku ukivuta mafuta kwa upole.

Mwaka 2008 eneo la Usangu liliongezwa kwenye Ruaha na hifadhi ikavuka kilometa za mraba 20,000. Sababu yake ni mto. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi miezi ya kiangazi, mto ambao zamani haukukatika. Maji yanaishia juu, kwenye mifereji ya mashamba na kwenye ardhioevu iliyokanyagwa na mifugo. Ukiwa ndani ya hifadhi mwezi wa Oktoba utaona tembo wakichimba mchanga wa mto kwa miguu na mkonga ili wapate maji. Siku mbili tatu baadaye, kwenye barabara ya Mbeya, utayaona upande wa kulia mashamba ya mpunga ya Usangu. Mchele ule tunaula sote. Tazama vyote viwili.

Kabla ya kuondoka Iringa, kagua pikipiki

Vumbi la Ruaha hula cheni. Isugue kwa brashi na dizeli kidogo, ifute, ndipo upake oili. Kupaka oili juu ya vumbi ni kutengeneza msasa. Ibonyeze katikati kwa kidole: ikicheza sentimeta mbili hadi tatu iko sawa. Kisha chukua spana ndogo, zungusha gurudumu taratibu ukigonga spoku moja moja. Iliyokaza hulia wazi, iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Spoku tatu zilizolegea upande mmoja zinatosha kupindisha ringi kwenye shimo la kwanza. Kazi hii huchukua dakika kumi, na fundi yeyote wa mjini ataimaliza kwa bei ya soda.

Beba tyubu ya akiba, pampu, plagi, waya wa klachi na kebo ya breki. Tanki la lita 11 la pikipiki ya kawaida hukupeleka mbali, lakini jaza kwenye sheli kila unapoiona kuliko kutegemea mafuta ya chupa, ambayo mara nyingine yamechanganywa na mafuta ya taa au yana maji. Kofia ngumu ivaliwe na mkanda wake ufungwe, na abiria naye awe na yake. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyoning'inizwa mkononi haimo kwenye hesabu hiyo.

Kitulo: maua na matope

Kutoka Chimala barabara inaupanda ukuta wa milima kuelekea Matamba kwa kona 57, na wenyeji wameipa jina la idadi hiyo: Hamsini na Saba. Juu yake, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, ndiko iliko Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ina aina zaidi ya 40 za okidi. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, baada ya viazi vya okidi hizo kuchimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa kuwa chikanda.

Tatizo la mwendesha pikipiki ni kwamba maua na mvua huja pamoja. Kuanzia Desemba hadi Aprili tambarare huchanua, na miezi hiyohiyo kona 57 huwa matope na mawe yanayoteleza. Hatutakuambia usiende, kwa kuwa anayekwenda Agosti huona nyasi kavu tu na huenda asielewe kwa nini mahali hapa palilindwa. Tunakuambia hivi: panda asubuhi kabla mvua ya mchana haijaanza, usibebe abiria, na usishuke siku ileile. Ikiwa imenyesha usiku kucha, iache pikipiki Chimala kwa mtu anayeaminika, upande gari la abiria. Hifadhini utatembea kwa miguu. Ua lolote liache ardhini, na udongo usiuchimbue. Maji yanayochuruzika kati ya nyasi hizo ni miongoni mwa yale yanayokwenda Usangu na Ruaha.

Katavi, kwa mwenye siku za ziada

Kutoka Mbeya pitia Tunduma na Sumbawanga. Barabara ya kwenda Mpanda inapita ndani ya Hifadhi ya Katavi kabla ya Sitalike, na masharti yote ya Mikumi yanahusika: mchana tu, mwendo mdogo, hakuna kusimama. Kuna ziada moja, nayo ni mbung'o. Hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi nyeusi na buluu iliyokoza, hivyo koti la jinzi ndilo vazi baya kuliko yote hapa. Vaa kaki nzito ya mikono mirefu, soksi juu ya suruali, glavu, na kioo cha kofia kishushwe. Baadhi ya mbung'o hueneza malale. Ukipata homa au uvimbe mahali ulipoumwa, hata wiki kadhaa baada ya kurudi, mweleze daktari kwamba ulipita Katavi, kwa sababu bila taarifa hiyo atakupima malaria na kuishia hapo.

Lala Sitalike au Mpanda na ukodi gari la kuingilia hifadhini. Mwisho wa kiangazi viboko hubanana kwa mamia kwenye madimbwi machache yaliyosalia. Kurudi si lazima urudie Sumbawanga. Kutoka Mpanda iko barabara ya Inyonga na Sikonge hadi Tabora, yenye misitu mirefu na vituo vichache, kwa hiyo jaza tanki Mpanda na uondoke alfajiri.