Lishe Tiba na Lugha Yake: Mgonjwa wa Umio katika Nchi ya Majani Chai

Utangulizi

Umio ni njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani ya kiungo hiki huonekana kwa wingi katika maeneo ya Bomet na Kericho. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa mwaka 1937, imewahudumia wagonjwa wengi wa aina hii, wakiwemo vijana wasiotimiza miaka 30. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vikasababisha saratani ya umio. Ifahamike kuwa linaloshukiwa ni joto, wala si jani la chai.

Njia za kumlisha mgonjwa

Uvimbe ukikua, kimnyet, yaani ugali, hukwama kwanza, kisha uji, mwishowe hata maji. Hivyo mgonjwa huweza kufa kwa njaa kabla ya saratani yenyewe kumwua.

Njia mojawapo ni kuweka ndani ya umio bomba la waya linalojitanua lenyewe. Baada ya hapo mgonjwa hula akiwa ameketi wima, hutafuna sana, na hunywa kidogo kidogo. Vipande vya nyama, matonge ya ugali na mboga zenye nyuzi huepukwa kwa kuwa huliziba bomba.

Njia ya pili ni mrija unaopitishwa puani, au ule unaoingizwa tumboni kupitia ukuta wa fumbatio. Chakula chake ni maziwa au uji mwepesi uliochujwa, na mrija husafishwa kwa maji kabla na baada ya mlo. Unga wa kimea cha wimbi hufaa, maana huufanya uji kuwa mwepesi bila kupunguza unga.

Aliyekaa na njaa siku nyingi asishibishwe kwa ghafla. Madini ya fosfeti na potasiamu huweza kushuka katika damu, na moyo ukaathirika. Lishe huanza kwa kiasi kidogo na kuongezwa hatua kwa hatua.

Suala la lugha

Muuguzi akisema “usile”, mgonjwa aweza kudhani amenyimwa chakula. Akisema “usile kwa mdomo, utalishwa kwa mrija”, tumaini linabaki. Vilevile, agizo la “chakula laini” lina utata. Ugali ni laini mkononi, lakini hunata ndani ya bomba. Ulaini ni sifa ya kugusa, ilhali tiba inadai sifa ya kupita. Afadhali kusema “chakula kinachomiminika”.

Hitimisho

Istilahi sahihi ni sehemu ya tiba, kwani agizo lisiloeleweka nyumbani huweza kubatilisha kazi yote ya hospitali.

Zoezi

1. Tofautisha “kula”, “kulishwa” na “kujilisha” kwa kuzingatia mgonjwa wa umio.
2. Neno “mpira” lina maana zaidi ya moja. Je, lafaa kutumiwa badala ya “mrija” wodini? Jadili.